Askari Fisadi katika Filamu za Uhalifu: Mvuto, Ushahidi na Hadhira ya Mlima Elgon

1.0 Utangulizi

Filamu za uhalifu zinazomweka askari fisadi katikati ya usimulizi zimependwa kwa muda mrefu na hadhira za Afrika Mashariki, na kwa muda huo huo zimeshutumiwa. Shutuma zenyewe ni za namna mbili. Wapo wanaodai kwamba filamu hizi huwafunza vijana uhalifu na kuwaondolea heshima kwa vyombo vya dola. Wapo pia, hasa miongoni mwa wasomi, wanaoziona kuwa burudani duni ya kigeni isiyostahili nafasi katika uhakiki wa fasihi. Makundi haya mawili hayapatani katika mengi, lakini yanakubaliana katika jambo moja: kwamba mtazamaji anayefurahia filamu ya namna hii anafurahia uovu.

Makala haya yanapinga dai hilo. Tunanuia kuonyesha kwamba mvuto wa filamu hizi hutokana na pengo lililopo baina ya mambo mawili: tukio ambalo mtazamaji ameliona kwa macho yake kwenye skrini, na taarifa rasmi itakayoandikwa kulihusu. Katika jamii ambamo taarifa hubaki na tukio husahauliwa, filamu humpa mtazamaji kitu ambacho kituo cha polisi hakimpi, yaani faili kamili. Furaha yake ni furaha ya shahidi anayejua yale ambayo daftari la kituo halikuyaandika.

Ili kuitetea hoja hii tutarejelea filamu tatu: Touch of Evil (1958) ya Orson Welles, Training Day (2001) ya Antoine Fuqua na Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga. Hadhira tunayoizingatia ni ya Kapsokwony, mji ulio mteremkoni mwa Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, pamoja na miji jirani kama vile Kitale. Uteuzi wa hadhira hii haukuwa wa kubahatisha. Hawa ni watu ambao baina ya 2006 na 2008 walijikuta kati ya wapiganaji wa msituni na vikosi vya serikali, na ambao hadi leo wana mambo waliyoyaona yasiyopatikana katika hukumu yoyote. Ikiwa filamu ya askari mwovu ni mchezo mtupu, basi swali la kwa nini watu hawa wanaitazama linapaswa kumtatiza kila mhakiki.

2.0 Askari katika Bunilizi ya Kiswahili

Mtazamaji haingii kwenye filamu akiwa mtupu. Wananadharia wa upokezi, akiwemo Hans Robert Jauss, wametukumbusha kwamba kila hadhira huikabili kazi mpya ikiwa na upeo wake wa matarajio, uliojengwa na kazi zilizotangulia. Je, msomaji wa Kiswahili amezoea kumtarajia askari wa aina gani?

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa na imani kubwa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mpelelezi Bwana Msa ni raia mwenye kiko na akili pevu. Polisi wamo katika ulimwengu wake, lakini wao ni wanafunzi wake kuliko kuwa wapinzani wake. Huenda wasijue, ila hawadanganyi. Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla iliukabidhi upelelezi kwa polisi wenyewe. Elvis Musiba naye, kuanzia Kufa na Kupona, alimuumba Willy Gamba, jasusi anayeitumikia dola changa dhidi ya maadui wa nje, wakiwemo mawakala wa Makaburu. Tofauti za waandishi hawa ni nyingi, lakini riwaya zao zinafanana katika mwisho: taarifa ya mpelelezi na ukweli wa tukio huwa kitu kimoja. Anapomaliza kueleza, hakuna kilichobaki gizani. Imani hiyo ilikuwa imani ya enzi ya uhuru, na haifai kuibeza.

Fasihi simulizi, kwa upande wake, ilikuwa na tahadhari zaidi. Methali isemayo "mchawi mpe mwana kulea" ina matumaini ya ajabu: inadhani kwamba amana humfunga mwovu, kwamba akishakabidhiwa mtoto ataona haya kumdhuru. Ngano zetu za fisi zina shaka na matumaini hayo; fisi anayelindishwa nyama hailindi. Filamu ya askari fisadi inaweza kusomwa kama jaribio la methali hii. Jamii imempa mchawi mwana, imempa na sare, bunduki na mshahara, kisha inaketi kutazama kama amana itamfunga. Kwa hivyo, ingawa Los Angeles iko mbali na Kapsokwony, kiini cha hadithi si kigeni hata kidogo. Kigeni ni kuona kwamba swali ambalo riwaya zetu za awali zilikuwa zimelifunga limefunguliwa upya.

3.0 Kicheko na Kimya: Hadhira ya Kibanda cha Vidio

Katika miji midogo ya magharibi mwa Kenya filamu imetazamwa sana katika vibanda vya vidio: chumba cha mabati, mabao ya kukalia, pazia zito mlangoni na televisheni iliyoinuliwa juu ili wa nyuma waone. Filamu nyingi huonyeshwa zikiwa na sauti ya msimulizi aliyezitia Kiswahili na Sheng. Maarufu kuliko wote nchini Kenya ni DJ Afro. Ng'ambo ya mlima, Uganda, wasimulizi wa namna hiyo hutumia Kiganda, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Wahakiki wa fasihi simulizi wangefaa kuwachunguza mafanani hawa kwa makini. Msimulizi wa kibandani hatafsiri mazungumzo tu. Hueleza nia za wahusika, hudhihaki, huonya, na humpa askari wa Marekani cheo na tabia za afande anayefahamika barabarani. Mikononi mwake filamu ya kigeni hugeuka ngano, na watazamaji huijibu kama wajibuvyo ngano.

Tumeketi mara nyingi katika vibanda vya Kapsokwony na Kitale tukiisikiliza hadhira zaidi ya filamu. Miitikio mitatu hujirudia kiasi kwamba inastahili kuitwa kanuni.

Kwanza, askari anapopokea rushwa, hadhira hucheka. Huwa ni kicheko cha kutambua. Kila aliyepanda matatu anaufahamu mkono unaotoka dirishani ukiwa umekunjwa na kurudi ukiwa mtupu, na anayajua majina yake yote: chai, kitu kidogo, ya macho. Askari wa hatua hii huonekana kama sungura wa ngano, mjanja anayeishi kwa akili. Tofauti ni kwamba sungura alipendwa kwa kuwa mnyonge aliyewashinda wenye nguvu. Askari fisadi ni sungura aliyevaa ngozi ya simba: ana ujanja wa mnyonge na nguvu za mkubwa. Hapo ndipo kicheko huanza kuingiwa na wasiwasi.

Pili, gari linapoondoka kituoni usiku likiwa na mtu aliyefungwa pingu, na kamera ikaonyesha kwamba haliendi mahakamani, hadhira hunyamaza. Hata watoto walioingia kwa hila hunyamaza. Hatujawahi kuona kibanda kikicheka wakati huo.

Tatu, askari anaporudi na kuandika au kusema yaliyotokea kwa namna isiyo kweli, minong'ono huanza: "Uongo. Tumekuona." Huu ndio mwitiko muhimu zaidi kwa hoja yetu. Mtazamaji hazungumzi na mwigizaji, anatoa ushahidi.

Wakati mmoja kijana alimuuliza mzee aliyeketi kando yake kwa nini mhusika anayewindwa asiende kupiga ripoti. Mzee akamjibu bila kuondoa macho kwenye skrini: "Mjukuu wangu, akapige wapi? Ripoti yenyewe ndiyo hiyo inamfukuza." Katika jibu hilo mna nadharia nzima ya utanzu huu. Filamu ya kawaida ya uhalifu ina mhalifu, mwathiriwa na mtu wa tatu anayeandika. Katika filamu ya askari fisadi, mhalifu na mwandishi ni mtu mmoja.

4.0 Nani Anaiandika Taarifa? Filamu Mbili za Marekani

Historia ya utanzu wenyewe huko Marekani inaithibitisha hoja hii. Tangu 1934 hadi 1968 studio za Hollywood zilifuata kanuni za udhibiti zilizotaka sheria isidhihakiwe na uhalifu usionekane kushinda. Askari mwovu aliruhusiwa kwa shida na kwa masharti. Baada ya kanuni hizo kuondolewa ndipo filamu kama Serpico (1973) ziliposhamiri, na nyingi kati yazo zilifuata kashfa halisi: Serpico ilitokana na ufichuzi uliozaa Tume ya Knapp mjini New York, nayo Training Day ilitolewa wakati jiji la Los Angeles lingali likizungumzia kashfa ya kitengo cha polisi cha Rampart.

Touch of Evil, iliyotengenezwa kanuni zikiwa zimelegea ila hazijafa, hatujawahi kuiona ikionyeshwa kibandani. Tunaitumia kwa sababu inaliweka tatizo la ushahidi waziwazi kuliko nyingine. Mandhari yake ni mji wa mpakani baina ya Marekani na Meksiko, na mkazi wa Mlima Elgon, aliyezoea mpaka wa Kenya na Uganda, hahitaji kuelezwa jinsi mpaka unavyompa afisa nafasi ya kujifanyia atakavyo. Kapteni Hank Quinlan anadai kupata baruti ndani ya kisanduku cha viatu katika nyumba ya mshukiwa. Vargas, afisa kutoka Meksiko, alikuwa amekiona kisanduku hicho kikiwa kitupu muda mfupi kabla. Filamu nzima imesimama juu ya kisanduku hicho. Sisi watazamaji tuko upande wa Vargas kwa kuwa nasi tulikiona. Taarifa ya Quinlan haiwezi tena kutuondolea tulichokiona.

Welles hakuishia hapo. Mwishoni inafahamika kwamba mshukiwa amekiri kosa. Quinlan alitunga ushahidi wa uongo dhidi ya mtu aliyekuwa na hatia. Mhakiki wa haraka angesema kwamba jambo hili linamsafisha Quinlan. Kinyume chake, linaufanya uovu wake uonekane bila kificho. Kama mshukiwa angekuwa safi, tungemlaumu Quinlan kwa kukosea. Kwa kuwa hakukosea, tunabaki na kosa lenyewe: ameifanya taarifa isiwe na haja ya tukio. Siku atakayokosea, hakuna atakayejua.

Training Day inajulikana sana vibandani. Alonzo Harris, uhusika uliompa Denzel Washington tuzo ya Oscar mwaka 2002, anamzungusha askari mgeni Jake Hoyt mjini kwa siku moja akimfundisha kazi. Mvuto wa Alonzo katika nusu ya kwanza ni wa lugha. Anazungumza kama fanani. Ana misemo, ana vitisho vinavyochekesha. Kibanda humpenda. Kisha huja tukio linaloigeuza filamu. Jake ameachwa katika nyumba ya wahuni waliolipwa wamuue, na anaokolewa na kijaluba cha fedha. Mapema siku hiyo alikuwa amemwokoa msichana kutoka kwa wabakaji, na kijaluba cha msichana huyo kingali mfukoni mwake. Wahuni wanakikuta, wanatambua kwamba msichana ni jamaa yao, wanampigia simu, na anathibitisha kisa. Hebu tuyatazame yaliyotendeka: kuna kielelezo, kuna shahidi, shahidi anahojiwa, na uamuzi unatolewa kulingana na ushahidi. Katika filamu nzima, mahakama pekee inayofuata utaratibu imekaa katika nyumba ya wahalifu. Kejeli hiyo kibanda huielewa mara moja, na kelele zinazozuka hapo ni kubwa kuliko za tukio lolote la risasi.

Mwisho wake pia unastahili kuzingatiwa. Alonzo anauawa na magenge aliyoyakosea, kisha sauti ya mtangazaji inaarifu kwamba afisa amekufa akiwa kazini, akitekeleza amri ya kumkamata mshukiwa hatari. Filamu inafungwa kwa taarifa ya uongo. Wengi husema kwamba mwisho huu ni wa kuridhisha kwa kuwa mwovu amekufa. Sisi tunauona mvuto wake mahali pengine: mtazamaji anaondoka akiwa na faili sahihi mkononi, huku jiji zima likiwa na faili la uongo.

5.0 Nairobi Half Life: Jukwaa Badala ya Kituo

Filamu ya Gitonga ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya ili kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Wahakiki wengi wameizungumzia kama filamu ya jiji na ya ujana. Hapa tunaisoma kama filamu kuhusu usimulizi.

Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anaanza kijijini akiuza filamu. Ili apate wanunuzi huziigiza: anapaza sauti, anarusha mikono, anakuwa shujaa na adui kwa zamu. Kwa maneno mengine, Mwas ni fanani wa kibandani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Anasafiri hadi Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa mali aliyoibeba, na muda si muda yumo seli bila kosa. Maisha yake ya uhalifu yanaanzia humo, kwa kuwa ndimo anamokutana na Oti. Jambo hili ni la msingi kimuundo: mahali palipojengwa ili kuzuia uhalifu ndipo mahali panapomzalisha mhalifu.

Kuanzia hapo Mwas anaishi maisha mawili. Mchana anajifunza maneno ya tamthilia, usiku anaiba. Polisi wanaowafuatilia vijana hawa hawakusudii kuwafikisha mahakamani. Wanataka fungu lao, na fungu lisipotosheleza, au vijana wanapojua mengi mno, huchagua njia ya mkato. Vijana wanapelekwa katika jengo tupu kwa nia ya kuuawa. Mkenya yeyote anayesoma magazeti anaifahamu sentensi ambayo ingeandikwa kesho yake: washukiwa wa ujambazi wameuawa katika ufyatulianaji wa risasi na polisi. Sentensi hii tumeisoma mara nyingi hata hatuioni tena. Filamu inaichukua na kuirudisha nyuma, chumba kwa chumba, hadi pale ilipoanzia. Huo ndio ukatili wake, na ndiyo huduma yake.

Mwas anatoka hai. Oti hatoki. Swali la mzee wa Kapsokwony linarejea: akapige ripoti wapi? Gitonga analijibu kwa namna ambayo hatukuiona katika filamu za Marekani. Mwas anakwenda jukwaani, akiwa na majeraha yake, na kuigiza mbele ya watu waliolipa kiingilio. Hakuna ofisi iliyompokea ila ukumbi wa maonyesho. Watazamaji walio ndani ya filamu wanaona uigizaji mzuri tu. Sisi tulio nje tunajua kwamba damu si rangi. Msanii, katika hali hiyo, anageuka karani wa mambo yaliyokosa daftari. Lakini Gitonga hakuliremba jambo hili. Ukumbi unapiga makofi, na makofi si uchunguzi.

6.0 Mlima Elgon: Yaliyoonekana na Yaliyoandikwa

Tukiishia kwenye skrini tutakuwa hatujaeleza kimya cha kibandani. Mgogoro wa ardhi katika makazi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililoitwa Sabaot Land Defence Force, ambalo kuanzia 2006 liliua, liliteka nyara, liliwatoza wakulima ushuru na kuwakata watu masikio. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti ya Julai 2008, lilisema kwamba kundi hilo lilikuwa limeua watu zaidi ya 600. Mnamo Machi 2008 serikali ilianzisha Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana walikusanywa kwa maelfu na wengi kupelekwa katika kambi ya jeshi ya Kapkota ili kuchujwa. Ripoti hiyo hiyo, pamoja na ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, zilieleza mateso, mauaji na watu kutoweka mikononi mwa vikosi vya usalama. Serikali ilikanusha. Wakazi wengi waliishukuru operesheni kwa kulimaliza kundi na wakailaani kwa pumzi hiyo hiyo. Hakuna unafiki katika hilo.

Baada ya hapo taarifa zilianza kuandikwa na kufungwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi mlimani mwaka 2011 na kutoa ripoti yake Mei 2013. Shirika la Independent Medico-Legal Unit lilipeleka shauri la mateso ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mnamo Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba shauri lilikuwa limewasilishwa nje ya muda wa miezi miwili ulioruhusiwa na Mkataba. Uamuzi huo haukusema kwamba mambo hayakutokea. Ulisema kwamba yameletwa yakiwa yamechelewa.

Hapa ndipo nguvu ya filamu inapoeleweka. Filamu haina ukomo wa muda wa kuwasilisha shauri. Gari linaloondoka usiku katika Training Day au Nairobi Half Life linaweza kutazamwa upya leo na kesho, na kila mara mtazamaji huliona linakoelekea. Mjane asiyejua gari la mwaka 2008 lilielekea wapi hapati jibu lake humo, lakini anapata kukiri kwamba magari ya namna hiyo yapo. Si jambo kubwa, ila ni kubwa kuliko alilopewa kaunta.

Haifai hata hivyo kudai kwamba faili kamili hupatikana katika sanaa pekee. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka mahakamani Mavoko, na miili yao ikapatikana mtoni. Mwenda, mwendeshaji bodaboda, alikuwa amemshtaki afisa aliyempiga risasi. Miongoni mwa vielelezo vya kesi ya mauaji ilikuwamo karatasi ya chooni yenye ujumbe ulioandikwa wakiwa wamezuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Mnamo Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao walipatikana na hatia, na Februari 2023 wakahukumiwa. Mwandishi wa filamu angeogopa kuibuni karatasi hiyo. Angehofia kuambiwa ametia chumvi. Lakini ndiyo iliyofanya kazi ambayo kijaluba kilifanya katika Training Day: ilitoka chumbani ikayasema yaliyofichwa. Miaka sita ilipita baina ya karatasi na hukumu. Filamu huifanya safari hiyo kwa saa mbili, na tofauti hiyo inatuleta kwenye hasara zake.

7.0 Mipaka ya Faili la Filamu

Tumesema kwamba filamu humpa mtazamaji ushahidi. Ni lazima pia tuseme inachomnyang'anya.

Mosi, humpa mhalifu sura moja. Quinlan, Alonzo na maafisa wa Nairobi Half Life wana nyuso, na nyuso zinaweza kufa. Aliyepanga zamu, aliyejaza mafuta garini, aliyetia sahihi na aliyenyamaza hawana nafasi ya kutosha katika usimulizi. Alonzo anapoanguka, kibanda hushangilia kana kwamba kituo kizima kimeanguka, ilhali kituo kitafunguliwa asubuhi kama kawaida. Wanaodai kwamba filamu hizi huvunja heshima ya dola wangefaa kulifikiria hili: mara nyingi zaidi huiokoa dola kwa kumtoa kafara mtu mmoja.

Pili, kasi yake humzoesha mtazamaji kwamba ukweli hujitokeza wenyewe mwishoni. Aristotle aliuita utakaso ule wepesi wa moyo unaofuata tanzia. Anayetoka kibandani akiwa ametakaswa huenda asiwe na haja tena ya kuuliza. Brecht aliuhofia wepesi huu, na sisi tuna sababu zaidi ya kuuhofia kuliko yeye.

Tatu, na hili ndilo pungufu kubwa, hakuna hata moja kati ya filamu hizi tatu inayomfuata anayetafuta. Kamera humfuata askari, humfuata mhalifu, huingia hata katika chumba cha mauaji. Haimfuati mama wa Oti. Mlimani, kazi ya kutafuta ilikuwa ya wanawake: kutoka kituo hadi kambi, kambi hadi hospitali, hospitali hadi chumba cha maiti, wakiwa na kitambulisho cha mtu asiyekuwepo. Safari hiyo haina risasi wala mbio za magari, na huenda ndiyo sababu haijapata mtengenezaji. Lakini kwa vigezo vyetu wenyewe, faili lisilo na ukurasa wake halijakamilika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuuhamisha mjadala. Swali lililozoeleka, iwapo askari mwovu anaadhibiwa mwishoni, ni swali la maadili mepesi, na filamu dhaifu hulijibu kwa urahisi sana. Kigezo tunachopendekeza ni kingine: filamu inapokwisha, ni nani ameshika taarifa ya kweli, na ana pa kuipeleka? Kwa kigezo hicho Touch of Evil inasimama juu kwa kutuonyesha taarifa isiyohitaji tukio, Training Day inapata uzito kutokana na tangazo lake la mwisho kuliko mapigano yake, na Nairobi Half Life inazipita zote mbili kwa kukiri kwamba jukwaa limebeba mzigo usio wake.

Kwa waandishi wa Kiswahili kuna kazi hapa. Riwaya yetu ya upelelezi ilianza kwa mpelelezi ambaye maelezo yake yalimaliza kila kitu. Inahitaji sasa mhusika anayeanza pale maelezo rasmi yanapokwisha, na hatuoni anayefaa zaidi kuliko yule mwanamke mwenye kitambulisho mkononi, amesimama kaunta, akingoja afisa ainue kichwa.